Brauza Tuliyoilima kwa Zamu

Nyuki aliniingia sikio la kushoto nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, huko mashariki ya mji wa Kitui, wakati uhuru ulikuwa unazungumzwa redioni na kwetu redio haikuwepo. Baba alikuwa na mizinga ya magogo ameitundika kwenye migunga chini ya kilima, na siku ya kurina asali watoto tulifukuzwa tukae mbali. Mimi sikukaa mbali. Nyuki mmoja akaingia, hakuuma, akaanza kutembea tu mle ndani. Mpaka leo mtu akikwangua sufuria karibu na mimi bega linapanda lenyewe.

Nyanya yangu alinilaza ubavu, akayeyusha samli, akanimiminia sikioni. Nyuki akafa. Alitoka siku zilizofuata, leo mguu, kesho bawa, na sikio likatoa usaha kiangazi kizima. Nyanya alikuwa mtu wa ugoro na mtu wa mdomo. Kila mgeni alimwambia kwamba yule nyuki alikuwa anatafuta mzinga mtupu na akaupata. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Shuleni nilipangiwa kiti ambacho sikio zima lilitazama ukuta. Mwalimu akiuliza swali, mimi nasikia mvumo tu, nanyamaza, naye anadhani ni kiburi. Nilichapwa kwa kutosikia mpaka darasa la nne, halafu nikaacha. Baba hakugomba. Alisema mbuzi hawaulizi maswali.

Lakini mjomba wangu alikuwa na meza ya kutengeneza redio nyuma ya duka la nguo sokoni Kitui, na yeye aligundua jambo moja: redio haina kushoto wala kulia. Ukiiwekea sikio lile zima, inakuambia shida yake. Nilikaa naye nikajifunza kushika solda, kile chuma cha moto cha kuunganishia waya, na kujua harufu ya kitu kilichoungua kabla sijafungua kifuniko. Mambo ya kusoma michoro alinifundisha kwa kidole, huku akila miraa. Sikumaliza kujifunza, mjomba akafa, na mimi nikaoa.

Hapo tena ni hadithi nyingine. Nilioa msichana wa milimani, Nunguni, na badala ya kumleta kwetu kwenye joto nikamfuata yeye kwenye ukungu. Wenzangu wa Kitui walisema nimeolewa. Acha waseme. Nunguni kulikuwa na kahawa, watu walikuwa na redio, na redio zilikuwa zinaharibika. Nilifungua duka la mbao, baadaye la mawe. Juu ya paa la bati wateja walikuwa wanapanga betri zao juani zipate nguvu kidogo, na mimi nawaambia zimekufa, nao wananiambia subiri mchana. Nilifika miaka ya tisini na mvi, na laini ya simu iliyokuwa inafanya kazi siku nyingi kuliko ile ya posta.

Nilitaka kusema habari za brauza, na naona nimeanza na nyuki. Sasa nafika.

Ile laini ya simu ndiyo iliyomleta dukani mzee mmoja ambaye tulimwita Fundi wa Simu. Alikuwa amefanya kazi ya simu Kitui maisha yake yote, zile za kuchomeka waya kwenye ubao na kumwambia mtu ongea sasa, umeunganishwa. Alistaafu, akanunua shamba chini kidogo ya Nunguni, mteremkoni. Mtu mrefu, kofia ya kijivu, maneno machache. Baada ya kustaafu aliwahi kuajiriwa na wageni fulani waliokuja kupima udongo na makingamaji ya Makueni na Kitui. Wageni walikuwa na kompyuta ndogo za mkononi, unakunjua kama Biblia ya mfukoni, ndani kuna vitufe vya herufi na kioo kidogo cha kijivu. Hazikutaka stima. Zilikula betri mbili za tochi na kukaa nazo wiki nyingi. Kwa nchi yetu ya wakati ule hicho kilikuwa kitu cha maana.

Wageni walipomaliza kupima wakaenda, na mashine wakawaachia waliofanya nao kazi. Moja kwa Fundi wa Simu. Moja kwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Moja kwa mama mmoja mwenye kuongoza kwaya, karani wa kanisa upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Moja kwa mfanyabiashara wa mbuzi pale Malili, barabara kuu, aliyekuwa akiwapangishia nyumba. Nyingine ilikuwa imevunjika bawaba, ikabaki kwangu kama vyuma, nikaifufua. Hatujakaa nazo sana, tukasikia kiwanda kilichozitengeneza kimeacha. Hakuna nyingine itakayotoka. Mimi nilizoea: nusu ya redio nilizozitengeneza viwanda vyake vilikuwa vimeshafungwa.

Fundi wa Simu mashine yake hakuitumia yeye. Alimpa binti yake.

Binti huyo alipata homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yote mawili. Alisoma shule ya viziwi mpaka kidato cha nne, akashinda, kisha akarudi nyumbani kukaa. Wakati huu ninaosema alikuwa mwanamke mzima, amepita ishirini na kitu. Ile mashine ikawa mdomo wake. Anaandika, anakugeuzia kioo, unasoma, unamjibu kwa vidole vyako. Siku ya kwanza kuja dukani aliniona nikigeuza kichwa kumsikiliza baba yake. Akaandika, akanigeuzia: Wewe pia?

Nikaandika: Nusu.

Akaandika: Uliyobakiwa nayo unaitumia vibaya. Redio yako imewekwa juu sana, mbao zinatetemeka.

Alihisi kwa mkono kwenye kaunta. Tangu siku hiyo tulipatana.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Alitaka kuwa mwalimu wa hesabu wa watoto viziwi. Chuo kimoja cha mbali sana, nchi ya nje, kilikuwa kinafundisha viziwi kwa barua za mtandao, na yeye alikuwa ameingia. Mashine yake ikiunganishwa na laini yangu kwa modemu, kile kidude cha kupitisha maandishi kwenye waya wa simu, ilileta masomo, naye alirudisha majibu. Alikuwa amebakiza sehemu ya mwisho. Halafu chuo kikaandika kwamba barua zinakwisha. Masomo yaliyobaki na mtihani wa mwisho vitakuwa kwenye kurasa za tovuti, na majibu yajazwe hapo hapo kwenye ukurasa. Mtihani mwezi wa kumi na moja. Asiyeujaza, nafasi yake anapewa mwingine.

Mashine zetu zilikuwa na brauza, hiki ambacho vijana wa vitabu siku hizi wanaita kivinjari. Lakini ilikuwa ya zamani. Kurasa za aina mpya zikija, ilionyesha nusu ya maneno na kukwama, au inazima kabisa; masomo angeyasoma nusu nusu, lakini kujaza majibu hakungewezekana. Kompyuta kubwa zilikuwepo Nairobi, na moja ofisi fulani Kitui ambayo karani wake hakutaka kuguswa kitufe. Mtu hawezi kuhamia Nairobi msimu mzima kwa ajili ya masomo ya kila siku. Kwa hivyo ilikuwa lazima brauza mpya iandikwe, ya mashine ambayo kiwanda chake kimekufa, na waandishi wakiwa sisi.

Msicheke. Mashine ilikuwa na lugha yake ya kuandikia programu, ndani kwa ndani, na kitabu chake. Binti alikuwa ameijua yote. Mwalimu wa hesabu aliijua nusu. Fundi wa Simu alielewa jinsi maneno yanavyosafiri kwenye waya. Na nje huko, nchi za baridi, kulikuwa na watu wengine wenye mashine kama zetu waliokataa kuzitupa, wakiandikiana barua na kupeana vipande vya programu bure. Mimi kazi yangu ilikuwa laini, solda, na chai.

Fundi wa Simu akatuita dukani tukakaa juu ya masanduku ya soda. Alisema, "Nimewaita mwethya."

Kwa asiyejua: mwethya ni sisi Wakamba kulimiana. Watu wanakusanyika, kila mtu na jembe lake, leo kwako, kesho kwangu, wanachimba makingamaji. Siku ya shamba lako wewe ndiye mkubwa, unasema mtaro upite wapi, na unapika. Kilichochimbwa kwako ni chako, hakuna anayekuja kukifukia. Na kule kwetu kulikuwa na sheria nyingine: aliyeuita mwethya, zamu yake ni ya mwisho. Usije ukaonekana umekusanya watu wakulimie halafu ukajifanya mgonjwa.

Mfanyabiashara wa Malili, mtu mnene wa maneno mengi, akasema, "Mzee, hapa hakuna shamba. Tunaanza na mtihani wa msichana, tunamaliza."

"Hapana," Fundi wa Simu akasema. "Kila mmoja wenu ana kitu anachotaka kuona kwenye huu mtandao. Tutaanza kwako."

"Mimi nataka bei za mbuzi na nyama, za Nairobi na za nje."

"Basi tutaanza na bei za mbuzi."

Mama wa kwaya akamtazama. "Baba, na wakati ukiisha?"

"Mama, nimeita mimi. Nikianza kwangu, mtakuja kesho kutwa?"

"Tutakuja."

"Mtakuja kwa huruma. Mimi sitaki huruma kwa mtoto wangu, nataka watu wa kazi."

Binti alikuwa anasoma midomo. Akaandika, akatugeuzia kioo: Baba alikuwa anaunganisha watu simu, yeye mwenyewe hajawahi kupiga. Tulicheka, na baba yake akacheka pia, akavua kofia.

Basi tukaanza Malili. Mwezi wa pili au wa tatu, sikumbuki, vumbi lilikuwa jingi na malori yakipita nyumba inatikisika. Bei za mbuzi zilikuja kwenye majedwali, na majedwali ndiyo yaliyokuwa yanaiua brauza ya zamani. Binti na mwalimu waliandika kipande cha kupanga safu. Mtu mmoja wa nchi za baridi, hatukumjua uso, alituma nusu ya kazi ile kwa barua, akisema mchukue mrekebishe. Mfanyabiashara alichinja, tukala, na siku jedwali lilipotokea limesimama wima alilisoma kwa sauti mpaka mke wake akamwambia hao si watoto wako. Kile kipande kiliwekwa kwenye kadi yake. Mashine zile zilikuwa na tumbo dogo, kumbukumbu haitoshi vitu viwili vikubwa, kwa hivyo kila mmoja wetu alikuwa na kadi, kitu kama kiberiti kilichobanwa, unachomeka ubavuni. Kilichoandikwa kwake kilikaa kwenye kadi yake. Binti alikifuta kwenye mashine yake kupata nafasi ya kazi inayofuata. Hatukuona ubaya. Siku ya mwisho, kwa Fundi wa Simu, kila mtu angekuja na kadi yake, kama vile kila mtu huja na jembe lake, na vipande vingeshonwa kuwa brauza moja.

Kutoka Malili tukaenda ng'ambo kwa mama wa kwaya. Yeye alitaka kutuma hesabu ya watoto wa shule ya Jumapili kwa ofisi kuu ya kanisa lao, ambayo ilikuwa imeanza mambo ya kujaza visanduku kwenye ukurasa na kubonyeza. Hivyo vya kujaza na kutuma, vile vile alivyovihitaji binti, viliandikwa huko kwanza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Kisanduku kinatokea, unaandika, ukibonyeza maneno yanapotea. Binti alikaa kwa mama yule mpaka watu wa kwaya wakamzoea, wakawa wanamshikisha ngoma ahisi wimbo kwenye viganja. Mama alikuwa akiingia na uji na kumpapasa kichwani, akisema, "Kula mwaitu, hiyo mashine haina tumbo." Mwaitu kwetu ni mama yangu, na mama mzima akimwita msichana hivyo ujue amempenda.

Kazi ikaisha. Jina la mtoto wa kwanza likaenda mpaka ofisi kuu na jibu likarudi. Wakaimba. Kipande kikabaki kwenye kadi ya mama wa kwaya, kama ilivyo haki.

Zamu yangu ilikuwa fupi. Nilitaka michoro ya redio za zamani, watu wa nje walikuwa wanaiweka kwenye mtandao, na mchoro ni mistari tu. Nikaona kwa macho yangu mchoro wa redio ambayo mjomba alinifundisha kwa kidole, nikajua kwamba kwenye waya mmoja mjomba alinidanganya, au alisahau. Niliurudia mchoro ule mpaka jioni. Binti akaniuliza kuna nini, nikamwandikia: Mjomba alikosea. Akaandika: Redio zilifanya kazi? Nikasema zilifanya. Akainua mabega.

Halafu mwalimu wa hesabu. Huyu ndiye aliyetuchelewesha, na sisemi kwa ubaya. Mwalimu alipenda mpira. Alitaka matokeo ya timu za Ulaya, na si maneno tu, alitaka picha za wachezaji. Kioo chenyewe cha kijivu. Picha za rangi kuzifanya za kijivu, na kuzipunguza ili mashine isikwame, kulichukua mwezi wa nane, mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi ukaingia. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima. Wake zetu walikuwa wanachambua mbegu.

Nilimfuata Fundi wa Simu shambani kwake. Alikuwa anatoa magugu kwenye mtaro. Nikamwambia, "Mzee, mwambie mwalimu asimame. Picha za mpira zinaweza kungoja."

"Ni zamu yake."

"Mtoto hana zamu nyingine."

Alilaza jembe. "Wewe ukimwambia mtu atoke kwenye shamba lake katikati ya kazi, utamwambia nini siku akirudi kwako na jembe?"

"Nitamwambia asante."

"Wewe umeolewa Nunguni," akasema, "umesahau." Akatabasamu kidogo, lakini jembe alilichukua tena, na mimi nikajua mazungumzo yamekwisha.

Binti hakulalamika. Alikuwa anaandika picha za wachezaji pamoja na mwalimu, yeye ambaye mpira haujui. Siku moja mwalimu alimwambia, "Huyu ndiye mfungaji bora," akimwonyesha kivuli cha kijivu kwenye kioo. Akaandika: Anafanana na mkungu wa ndizi. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Jioni, mwalimu akiwa ameondoka, aliniandikia: Unafikiri watakuja wote? Nikaandika ndiyo. Akasoma, akafuta, akakunja mashine.

Zamu ya Fundi wa Simu ikawekwa Jumamosi, na mtihani ulikuwa unafunguliwa Jumatatu inayofuata, unafungwa Jumatano jioni. Siku moja ya kushona vipande, siku moja ya kujaribu. Ilitosha.

Alhamisi usiku mvua ikanyesha.

Mtu wa mahali pengine hatanielewa hapa. Sisi mvua ile ya mwezi wa kumi na moja hatuna nyingine ya kuitegemea. Misimu miwili ilikuwa imetupita mitupu. Ikinyesha, unapanda siku hiyo na kesho yake, na keshokutwa, kabla udongo haujafunga mdomo. Hakuna arusi, na maiti inangoja. Mwethya wowote usio wa kupanda unavunjika wenyewe bila mtu kutangaza, na hakuna anayelaumiwa. Na ile haikuwa mvua ya kawaida, ilinyesha bila kupumua, barabara zikakatika, hata ile ya Nairobi, Athi ikapanda juu ya daraja.

Mimi nilikwenda Jumamosi kwa sababu mke wangu alinifukuza. Alisema kupanda nitapanda na dada zangu, wewe nenda kwa wale watu. Nilifika nimelowa mpaka kifuani. Fundi wa Simu alikuwa amepika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe, ya kutosha watu wote na wake zao. Masanduku ya kukalia alikuwa ameyapanga. Alikuwa amevaa kofia ndani ya nyumba. Binti alikuwa mezani na mashine wazi.

Nilitoa kadi yangu nikaiweka. Baba yake akaweka yake, tupu. Tukangoja. Mchana akaja dereva wa lori akiwa na kadi ya mfanyabiashara wa Malili ndani ya mfuko wa plastiki, na ujumbe kwamba yeye yuko shambani, anatusalimu. Mwalimu alikuwa amekwenda kumpandia mama yake mzazi, mbali, na mashine yake na kadi yake.

"Ya mama wa kwaya ndiyo tunayotaka," nikasema. "Visanduku."

"Najua," akasema Fundi wa Simu.

Nilirudi dukani nikapiga simu ofisi ya kanisa lake. Alijibu mlinzi. "Wote wako shambani, baba. Mimi mwenyewe nimebaki kwa sababu ya mguu."

"Mwambie mama wa kwaya atume kile kitu cha visanduku. Au alete."

"Alete kupitia wapi? Mto umejaa. Nitamwambia wakirudi."

"Watarudi lini?"

"Mvua ikimaliza nao."

Binti aliviandika vile visanduku upya kwa kukumbuka, Jumamosi, Jumapili yote, kanisa likiimba chini yetu. Muthokoi tulikula sisi watatu kwa siku mbili. Kipande kilichomchukua wiki nyingi ng'ambo alikirudia kwa siku mbili, na visanduku vikatokea. Kutuma hakukuwa na mahali pa kujaribia, maana anwani ya ukurasa wa ofisi kuu ya kanisa ilikuwa kwenye kadi ya mama wa kwaya; ukabaki mtihani wenyewe.

Jumatatu asubuhi baba na binti wakaja dukani. Mke wangu alisimama mlangoni akawarudisha wateja. Modemu ikalia, laini ikashika. Ukurasa wa chuo ukafunguka, majedwali yamesimama wima, michoro ya hesabu ipo, mistari safi. Hatujawahi kuona ukurasa mzima namna ile kwenye kioo kile. Fundi wa Simu alishika waya wa simu kati ya vidole viwili, kama mtu anayepima mshipa wa mgonjwa, na hakuuachilia.

Maswali yakaja yote. Binti alijaza. Alijaza asubuhi nzima, bila kuinua kichwa, mara moja akaomba penseli, akafanya hesabu nyuma ya boksi la betri. Halafu akabonyeza pa kutuma.

Ukurasa ukarudi, visanduku vitupu.

Akajaza tena. Akabonyeza. Vitupu. Alifungua programu, akabadilisha mstari, akafunga, akajaza. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo, na majibu sasa alikuwa anayajua kwa moyo, anayaandika bila kusoma swali. Jumatano jioni ukurasa haukufunguka tena. Ulikuwa umefungwa huko kwao.

Alitugeuzia kioo tusome. Alikuwa ameandika: Maswali yalikuwa rahisi.

Alituma majibu yote kwa barua ya kawaida, na maelezo. Chuo kilijibu kwa heshima. Walisema majibu ni mazuri sana, na kwamba yaliyopitia kwenye ukurasa ndiyo yanayohesabiwa, na nafasi imeshapewa mtu mwingine kama sheria ilivyosema. Baba yake aliisoma akiwa amesimama, akairudisha kwa binti.

Mahindi yalikuwa yameshaota, yamefika magotini, wenzetu waliporudi. Walikuja wote siku moja, dukani kwangu, maana walijua zamu moja imebaki na hawakutaka kuonekana watu wa kukwepa. Mama wa kwaya alileta kunde mbichi na kadi yake imefungwa kwenye kitambaa. Alimshika Fundi wa Simu mikono yote miwili.

"Baba, ujumbe niliupata siku mto uliposhuka. Tusamehe. Ni mvua."

"Mvua haiombewi msamaha, mama. Mimi mwenyewe ningekuwa na shamba kubwa ningekuwa shambani."

"Na msichana?"

"Huyo hapo. Muulize."

Binti alikuwa ameshachukua kadi. Aliichomeka, akaisoma, akaona mstari aliokuwa amesahau. Alituonyesha kwa ukucha. Ulikuwa mstari mmoja. Vipande vyote vikashonwa pale juu ya kaunta, vya Malili, vya ng'ambo, vyangu, vya mwalimu na wachezaji wake, na kabla ya chai kuchemka tulikuwa na brauza moja nzima. Wale wa nchi za baridi waliichukua baadaye, wakaitumia miaka, wakaiongezea vyao. Siku hiyo mwalimu alifungua ukurasa wa ofisi kuu ya kanisa, akajaza jina la uongo, akabonyeza. Jibu likarudi. Mfanyabiashara akapiga kaunta kwa kiganja.

"Mzee, zamu yako hiyo imetimia," akasema. "Mwethya umekwisha bila deni."

"Nimeona," Fundi wa Simu akasema. "Ni kazi nzuri. Mmenilimia."

Alisema bila uchungu, nilimsikiliza kwa sikio langu zima. Binti alitoa kadi ya mama wa kwaya, akamrudishia, akakunja mashine yake akaiweka mfukoni, akatangulia nje. Mke wangu alikuwa anamimina chai. Fundi wa Simu aliirudisha kofia kichwani, akachukua ile kadi yake tupu akaitazama, akaiacha juu ya kaunta. Akapita kati ya masanduku, akiwagusa watu mabega apishwe njia. Tulidhani anakwenda nyuma ya duka. Mwalimu alikuwa ameanza kutafuta matokeo ya mpira. Kupitia mlangoni nilimwona ameshika barabara pamoja na binti yake, si ile ya kwenda shambani kwao, ile nyingine ya kuteremka kwenye magari, anatembea taratibu kwenye tope, na tangu siku hiyo hajarudi Nunguni, yeye wala binti yake.